Boksi la Mafuta na Maziwa ya Dahabo

Boksi lipo. Liko juu ya kabati, nimelifunika na leso kuukuu, na panya hajaligusa. Mlipokuja Jumamosi kuliomba nikawaambia nitafikiria, na nikasikia mmoja wenu akinong'ona kwamba mzee ana roho ngumu. Masikio yangu ni mazima. Sasa nimefikiria. Nitawapa, lakini mtasoma haya kwanza, tena mtasoma mpaka mwisho, sio vile mnasoma kwa simu, kidole kinakimbia kuliko macho.

Mimi nilisoma nikaishia darasa la tatu. Mkikuta herufi imepotea, iacheni ipotee. Kazi ndiyo ninaijua, na kazi yangu ilikuwa maigizo ya sokoni.

Kabla ya serikali ya kaunti nilikuwa nauza chai pale malori yanaposimama. Kaunti ilipokuja, kila ofisi ikawa na jambo la kuwaambia wananchi: chanjeni mifugo, naweni mikono, njooni mkutanoni mtoe maoni. Na mwananchi wa Isiolo ukimwita mkutanoni atakuambia ana mbuzi wa kuuza. Kwa hiyo wakatafuta watu wa kuigiza pale pale mbuzi wanapouzwa. Mzee Kinoti akaunda kikundi. Alikuwa Mmeru mrefu kama mlingoti, amestaafu upishi wa shule, na sauti yake ilikuwa imezoea kunyamazisha watoto wenye njaa. Alinisikia nikigombana na mteja juu ya kikombe kilichovunjika, akaniambia, "Mama Ekal, hiyo sauti usiimalizie kwa vikombe."

Mchezo wangu wa kwanza nilikuwa mbuzi. Msicheke. Ulikuwa mchezo wa chanjo, na mbuzi mgonjwa ndiye alikuwa mkubwa wa mchezo. Mimi nikaanza kukohoa, kutetemeka, kulia mee. Kinoti akanisimamisha kwa mazoezi. "Mbuzi mgonjwa haonyeshi ugonjwa," akasema. "Anasimama tu, amechoka na dunia." Siku yenyewe nikasimama hivyo, nimechoka na dunia, mpaka mchungaji mmoja mzee akatoka kwa watazamaji, akanifungua mdomo, akatazama ufizi, akawaambia wenzake, "Huyu amekwisha. Mchinjeni kabla hajafa bure." Nikajua kazi nimeiweza.

Hiyo ndiyo ya kwanza ya kushika: usionyeshe, kuwa. Nyingine ni ndogo ndogo, lakini zitawafaa kuliko hayo maspika mnayotaka kukodisha. Upepo uwe nyuma yako, ubebe maneno uwapelekee watu. Usianze na mzaha, anza na ugomvi. Mzaha watu wanapita, ugomvi wanasimama. Adhana ikianza, nyamazeni, hata kama mtu alikuwa katikati ya kufa. Na msimzibie muuza miraa mbele ya meza yake, kwa sababu ana sauti kuliko nyinyi na hana haya.

Sasa hilo boksi.

Kulikuwa na msimu ofisi zote zimenyamaza, hatuna kazi. Tulikuwa wanne: Kinoti, mimi, Dahabo na Safia. Dahabo ni Mborana wa mtaa wa Wabera, alikuwa akiuza maziwa ya ngamia asubuhi na kuigiza mchana, na ndiye rafiki yangu mkubwa mpaka leo, ingawa mtaona hapa chini jinsi nilivyokaribia kumpoteza. Safia alikuwa msichana aliyemaliza kidato cha nne, anakaa nyumba ya pili kutoka kwa Dahabo, na alikuwa anatazama tivi kwa hoteli moja ya mtaa wa Bulla Pesa kuliko wenye hoteli. Siku moja akaja na macho yanang'aa.

"Kuna kipindi," akasema. "Watu kumi wamefungiwa ndani ya nyumba. Kamera kila mahali. Hawatoki."

"Wamefanya makosa gani?" Dahabo akauliza.

"Hawajafanya kitu. Wameomba wenyewe."

"Wameomba kufungwa? Wallahi?"

"Wanakaa tu. Wanagombana, wanalia, wanapendana, wanaachana. Kila wiki mmoja anafukuzwa, na nchi nzima inatazama."

"Na ngamia wa hao watu anachungwa na nani?"

Kinoti alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema hii tutaifanya, na hatungoji ofisi itutume.

Nyumba yetu ilikuwa kamba ya katani tuliyozungusha kwa vijiti vinne, na mahali pamoja tukaacha nafasi, huo ndio mlango. Kamera ilikuwa boksi la mafuta ya kupikia, tumelitoboa, tukaingiza kopo la maziwa ya unga liwe jicho. Kinoti mwenyewe ndiye alibeba. Huyo mzee mrefu, anatembea amekunja magoti, boksi begani, anamfuata mtu hatua kwa hatua. Ukipiga mwayo, kamera imekuja. Ukijikuna, kamera imekuja mbio. Wawili wakigombana na wa tatu anachambua mchele, kamera inabaki na mchele, kisha inashtuka na kukimbilia ugomvi. Watu walikuwa wanakufa kwa kicheko. Na yeye hajawahi kucheka hata mara moja. Alituambia, "Kamera ikicheka, twende nyumbani."

Mkitaka kuicheka tivi, fanyeni hivyo. Msilete wazimu. Fanyeni yale yale wanayofanya wao, kwa makini kabisa, ila myafanye hapa kwetu. Wao wana sofa, sisi tulikuwa na magunia mawili ya makaa. Wao wanalia kwa sababu fulani hakumtazama fulani. Sisi Dahabo alilia kwa sababu sukari imeisha na hakuna aliyekiri. Alilia vizuri, halafu katikati ya kilio akageukia kamera akauliza, "Hapo umenipata, au nirudie?" Safia ndiye alikuwa mtangazaji. Ugomvi ukichemka anaruka katikati, meno yote nje: "Msiende mbali! Tunarudi baada ya tangazo!" Kisha anasifu chumvi ya mifugo, na sisi tumeganda na mikono hewani.

Na kule kufukuza. Kwa tivi, Safia alisema, mtangazaji anataja jina polepole ili watu wateseke. Kwa hiyo siku ya kwanza akasimama, "Na anayetoka leo… ni…" akanyamaza. Akanyamaza. Mtu mmoja akaenda kununua miraa akarudi, bado amenyamaza. Mwishowe mzee mmoja akapaaza sauti, "Binti, umesahau? Ni Dahabo! Tumeona wote!"

Ilikuwa Dahabo kweli. Akachukua kifurushi chake, akaelekea mlangoni. Hapo ndipo mchezo ulivunjika. Yule mzee akainuka, akaingia ndani ya kamba, akamshika Dahabo mkono.

"Anaenda wapi?"

"Amefukuzwa, mzee," Safia akasema.

"Amekunywa chai?"

Hakukuwa na chai kwenye mchezo.

"Hakuna mtu anatoka kwa nyumba ya watu bila chai," mzee akasema. "Hata adui. Na huyu amefanya nini? Sukari? Mnamfukuza mama mzima kwa sukari? Kaeni chini."

Tukakaa. Wazee wengine watatu wakaingia. Wakauliza kila mmoja wetu juu ya ile sukari, na mimi nikajikuta naapa kwa Yesu sijaigusa, na kweli hakukuwa na sukari yoyote. Ilichukua muda mrefu, na watu hawakuondoka. Mwishowe tukaambiwa tupeane mikono na mtu akaleta chai kutoka hoteli. Kinoti alikuwa anazunguka na boksi lake akirekodi kila kitu. Jioni akatuambia kuanzia leo chupa ya chai inakaa ndani ya nyumba, na hatutapanga mwisho, mwisho tutaletewa na watu. Tukazunguka na mchezo huo, na kila mahali mwisho ukawa wake.

Sasa nafika kwa kosa langu. Nimezunguka sana, najua.

Kwenye ile nyumba ya tivi kuna chumba cha siri. Mtu anaingia peke yake, anaiambia kamera yaliyo moyoni. Sisi tulining'iniza gunia kwa vijiti viwili. Mtu anaingia, anafunga gunia kwa uangalifu ili wenzake wasisikie, kisha anageuka na kunong'onea soko zima. Hapo tu, kabla hujasema neno, watu wameshacheka.

Siku hiyo tulikuwa soko la mifugo, na zamu ya siri ilikuwa yangu. Nikafunga gunia, nikageuka, na wakati huo huo ngamia mmoja akakataa kupanda lori. Nawaambia, hakuna mchezaji duniani anayemshinda ngamia anayekataa kupanda lori. Wanaume sita wanasukuma, yeye amekaa chini kama mfalme. Watu wote wakanipa mgongo. Nikasema siri yangu ya sukari, hakuna aliyesikia. Nikaisema tena. Nikaona hata wale kina mama wa mstari wa mbele wamegeuza shingo. Moyo ukaniwaka, ile tamaa ya kutazamwa ambayo ni ugonjwa wa kazi hii. Nikatafuta haraka kitu cha kuwarudisha, na mkono wangu ukaingia mahali ambapo haukuwa na ruhusa.

Dahabo alikuwa na siri. Ule mwaka wa kiangazi ngamia wao walipelekwa mbali sana kutafuta malisho, na maziwa hayakuwa yanafika mjini. Mama mkwe wake, Akko Talaso, yaani Bibi Talaso kwa Kiborana, hanywi maziwa mengine. Maziwa ya ngamia wa nyumba yao, basi. Bila hayo hata chakula hagusi. Dahabo akaogopa mama wa watu atakonda afe. Akanunua maziwa ya pakiti dukani, akaongeza maji kidogo, akatia chembe ya chumvi kwa sababu ya ngamia yana chumvi chumvi, na akafukiza chicho, kile chombo chao cha kusuka cha maziwa, akakijaza moshi vizuri. Mama mkwe akanywa. Akasema, "Hawa ngamia wetu, hata kiangazi hawatuangushi." Dahabo aliniambia haya jikoni kwake, anacheka na kulia pamoja, na akanishika mkono akasema, "Mama Ekal, hili ni langu na lako."

Nami nikalisema sokoni. Nilisema ni mimi. "Kamera, usimwambie mtu. Mama mkwe wangu anakunywa pakiti, anasifu ngamia!" Nikaeleza chumvi, nikaeleza moshi, nikaigiza mama mkwe anavyopangusa mdomo. Soko likageuka lote. Ngamia akasahaulika. Walicheka mpaka wengine wakachuchumaa, na mimi nikajisikia mrefu kuliko Kinoti.

Halafu nikaona boksi limeshuka. Kinoti aliliteremsha mpaka kiunoni, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Na wale kina mama wa mstari wa mbele walikuwa wa Wabera, na hawakuwa wananitazama mimi, walikuwa wanamtazama Dahabo. Kila mtu Isiolo anajua mama mkwe wangu amezikwa zamani, na kwamba mimi Mturkana sifukizi chicho.

Dahabo alifungua kitambaa cha kichwa alichovaa kwa mchezo, akakiweka juu ya kamba, akatoka. Hakupita mlangoni. Alivuka ukuta.

"Sikutaja jina," nikamwambia Kinoti baadaye.

"Hukuwa na haja."

"Ilikuwa mzaha, mzee. Si tunacheka tivi?"

Alikuwa anakunja kamba, akakunja mpaka mwisho ndipo akajibu. "Mama Ekal, hao watu wa tivi tunaowacheka, hata wao humuuliza mtu kwanza kama anataka kuingia hiyo nyumba."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kama angenipiga.

Safia akaniletea habari za Wabera. Akko Talaso hakugomba, hakupiga kelele. Ila kila asubuhi Dahabo anampelekea kikombe, na kikombe kinarudi kimejaa. Mvua ilikuwa imenyesha, ngamia wamerudi, maziwa sasa ni ya ngamia kweli, mazito, ya asubuhi ile ile, na bado kinarudi kimejaa. Nyinyi wa siku hizi mtasema, si maziwa tu? Basi ulizeni mama yeyote wa Kiborana maana yake nini mzee kukataa maziwa ya mkono wako. Majirani wanaona. Dahabo aliacha kuuza maziwa. Nani angenunua?

Nilikaa siku nne nikijitetea peke yangu ndani ya nyumba. Ya tano nikavaa leso safi, nikaenda Wabera. Akko Talaso alikuwa ameketi mlangoni, fimbo mapajani.

"Salaam aleikum, Akko."

Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe ndiye yule mbuzi?"

"Ndiye mimi."

"Ulikuwa mbuzi mzuri. Kuwa mtu ndiko kumekushinda."

Ndani nikasikia sufuria zikigongwa kwa nguvu. Dahabo alikuwepo, na alitaka nijue yupo.

"Nimekuja kuomba msamaha, Akko. Kosa ni langu, sio la—"

"Huo mchezo mimi sikuuona," akasema. "Nimeletewa na watu, na kila aliyeleta ametia chumvi yake. Uleteni hapa. Niuone kwa macho, ndipo nitajua nani nimkasirikie." Akageuza kichwa kuelekea ndani. "Na wewe unayevunja sufuria, utakuwepo."

Tukaweka kamba kwa uwanja ulio nyuma ya nyumba yao. Wabera nzima ilikuja, na nawaambia hawakuja kuona sanaa. Akko akawekewa kiti mbele kabisa. Dahabo alikuja, akavaa kitambaa chake, akaigiza. Ndani ya kamba tuliongea, tukagombania sukari kama kawaida. Nje ya kamba hakunipa hata jicho.

Ikafika siri. Nikaingia nyuma ya gunia, nikafunga, nikageuka. Watu wakacheka kidogo kwa mazoea. Hakukuwa na ngamia wala lori, wote walikuwa wangu, na hapo ndipo ningetoa chochote wasinitazame. Boksi likasogea. Nikasema, "Kamera, nina rafiki. Alinipa neno lake jikoni nimtunzie. Nikaliuza sokoni, nikapewa kicheko. Kicheko kimeisha siku hiyo hiyo, rafiki sina." Nikafungua gunia nikatoka. Hakuna mtu aliyecheka. Ule ukimya naujua, nimefanya kazi hii: ni wa watu wanaongoja damu.

Safia akaingia katikati, msichana huyo ni chuma. "Leo," akasema, "kura ni ya mkubwa wetu. Akko, nani atoke kwa hii nyumba?" Na kwa mara ya kwanza hakunyamaza kwa mzaha. Alinyamaza kweli.

Akko Talaso akainua fimbo. Ikapita kwangu, ikasimama. Nikainama kuchukua kifurushi. Ikaondoka, ikaenda kwa Dahabo, ikasimama. Dahabo akafumba macho. Ikaondoka tena, ikapanda juu, juu kabisa, ikatua kwa boksi.

"Huyu," akasema. "Tangu nifike hajasalimia mtu. Chai hataki, kazi hafanyi. Anachungulia tu. Kabla hajaingia hii nyumba, maneno ya jikoni yalikuwa yanakaa jikoni. Atoke."

Kinoti, hata hapo, hakucheka. Alikuwa kamera, na kamera haijibu. Akaligeuza boksi polepole, akatembea na magoti yake yaliyokunjwa mpaka mlangoni, akatoka, akaliweka chini nje ya kamba, jicho likitazama upande wa mlima. Kisha akanyooka urefu wake wote, akarudi ndani mikono mitupu.

"Salaam aleikum, Akko."

"Aleikum salaam. Wewe sasa ni mtu. Kaa."

Na kwa vile pale kulikuwa na chai ndani ya nyumba, na chicho pembeni kwa sababu tulipanga chai ya maziwa, Akko akanyoosha mkono. "Dahabo. Nipe maziwa."

Dahabo hakusogea. "Ni ya pakiti, Akko," akasema. "Ni ya mchezo tu. Nilichanganya asubuhi."

"Nimekuuliza? Nimesema nipe."

Akamimina. Mengine yakamwagikia mchanga. Akko akanywa bila kupumzika, Wabera nzima ikihesabu koo lake linavyopanda na kushuka, akakipindua kikombe wote waone ni kitupu. Akapangusa mdomo, vile vile nilivyomwigiza.

"Chumvi imezidi," akasema.

Dahabo ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini juu ya gunia la makaa, na nguo ilikuwa nyeupe. Baada ya hapo akachukua kikombe kingine, akakijaza chai, akakileta mpaka niliposimama. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Mama Ekal, shika, kinapoa."

Mchezo huo tuliucheza mpaka magoti ya Kinoti yakakataa, na hatukubadilisha mwisho tena. Kamera inafukuzwa, watu wanakunywa.

Sasa mnasema mnataka kuufufua, na mna kamera ya kweli, na mtaweka kwa simu watu wa mbali waone. Sikatazi, mimi ni nani? Lakini hilo boksi likifika mahali, midomo inafunguka ambayo haikupanga kufunguka, na wa kwanza kutekwa ni yule anayejiona anaicheka. Mkikwama, watu wakigeukia ngamia, waacheni watazame ngamia. Atapanda lori, watarudi.

Njooni Jumamosi. Boksi nitakuwa nimelitoa, mtalikuta nje ya mlango. Nyinyi ingieni, msalimie, mnywe chai kwanza. Anapika Dahabo, na asiulize mtu ni maziwa gani.